Uso wa Rachelle Kwenye Ubao wa Déclic

Pale Dilala, mjini Kolwezi, kwenye kona ambapo magari ya Kasaji huteremsha watu, na vijana wa taxi-moto, pikipiki za abiria, huwagombania kama peremende, kuna benchi refu la mbao limeegemea ukuta wa nyumba ya zamani ya kampuni ya madini. Mbele yake kuna jiko la makaa la Mama Louise na birika la kahawa ambalo halijawahi kupoa. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kafa na nani kamkimbia nani, redio usiihangaikie. Nunua kikombe, kaa, kaza masikio. Wenye benchi wana majina ya hapo hapo. Stany wanamwita Maître, kwa sababu alisoma sheria Lubumbashi miaka miwili akarudi na maneno makubwa bila karatasi. Tata Mbuyu ni Retraité, mzee aliyestaafu kampuni, viatu vyake vya kazi bado anavipaka rangi. Hénock ni Kilo, zamani mchimbaji, sasa ana pikipiki. Na Zéphirin, kwa mlio wa kamera, ni Déclic, mpiga foto, ambaye kamera hulala kifuani pake hata anapokunywa kahawa.

Kazi ya Déclic ina desturi yake. Yeye haombi. Anapiga kwanza, sokoni, kanisani, mbele ya harusi ya watu asiowajua, kisha anachapisha na kubandika kwenye ubao wake pale ukutani. Mwenye uso akipita akajiona, anacheka, anatoa hela, anaondoka na foto yake. Asiyepita, uso wake unabaki ubaoni mpaka jua liunywe rangi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo watu wa Dilala walivyomzoea.

Asubuhi hiyo Rachelle alikuwa amesimama mbele ya ubao. Amevaa nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Mume wake Mwenze alifukiwa na udongo kwenye kisima cha machimbo wiki iliyopita, na watu bado walikuwa wanalala chini kwenye kilio, pale penye matanga.

— Tata Déclic, tosha ile foto, uiondoe.

— Gani, mama?

— Unaijua.

Aliijua vizuri sana. Ilikuwa katikati ya ubao, kubwa kuliko zote: uso wa Rachelle, kichwa kimerudi nyuma, macho yamefumba, meno yote nje, matone ya mvua ya kwanza kwenye paji. Kicheko cha mtu aliyesahau kwamba yuko sokoni. Déclic aliipiga asubuhi ile ile ambayo Mwenze, mbali kule, alishuka kisimani asipande tena. Aliibandika jioni, kabla habari haijafika mjini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini habari ilipofika, foto ilikuwa imeshakuwa foto nyingine.

— Mama, pole ya kilio, alisema Déclic taratibu. Mais franchement, ulikuwa mu barabara. Barabara ni ya bote.

— Fidélie, dada ya Mwenze, aliiona. Alisimama mu kati ya bamama bote ku kilio akasema: muangalie, ndugu yangu anakufa, bibi yake anacheka. Akamuambia na baba-mukwe ku telephone. Tata Kabamba anakuya leo na treni toka Kasaji, na leo njo familia inakaa kikao. Akiona hii, batanifukuza mu nyumba, batoto babakie kwa Fidélie. Mi minakulomba, tata. Tosha.

— Nikitosha ya weye, kesho kila mutu atakuya.

Rachelle hakulia, na hilo ndilo lililomchoma Déclic. Alimtazama tu kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

— Minaenda kumungojea ku gare ya treni, alisema. Saa tutapita hapa, ikuwe imetoka. Batoto bangu, tata. Batoto bangu.

Akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, akaenda.

Sasa usimwone Déclic kuwa mtu wa roho mbaya. Huruma alikuwa nayo, ila alikuwa amechoka kukatazwa. Mlinzi mmoja wa lango la kampuni alimkaba shingo kwa sababu ukuta ulionekana nyuma ya bibi harusi. Mwuza samaki alimmwagia maji ya ndoo. Polisi alimfutisha nusu ya foto za sherehe moja, akisimama juu yake mpaka foto ya mwisho. Na hii ya Rachelle haikuwa foto ya kawaida. Maisha yake yote yeye ni mtu wa foto za vitambulisho: kaa wima, kidevu juu, usicheke, tayari. Halafu siku moja kicheko kama hicho kinamwangukia bure! René, jamaa anayeandaa maonyesho ya picha Lubumbashi, aliiona kwenye simu akasema ataichapisha ukutani kwa ukubwa wa mlango, na jina la Zéphirin chini yake. Jina lake zima, si Déclic. Akasema atapiga simu leo aambiwe inatumwa lini.

Maître aliweka kikombe chini, akajipangusa midomo. Walijua maana yake: hotuba inakuja.

— Umejibu muzuri. Domaine public, mon cher. Ukitoka mu mulango ya nyumba yako, sura imeshakuwa ya bote. Kama hautaki bakuone, ubakie mu nyumba.

— Na maji nitateka mu nyumba? aliuliza Mama Louise, akipepea makaa.

— Mama, minaongea principe.

— Mi minaongea maji.

Kilo alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Alipomaliza kukohoa akamgeukia Maître.

— Donc, basi, barabara ni ya bote?

— Ya bote.

— Na ile ya mbele ya clôture, ukuta ya bakampuni? Déclic anaweza kupiga foto pale?

— Pale iko différent. Pale kuko siri ya production.

— Aaa! Clôture iko na siri, mwanamuke hana?

Maître alikunja uso, na Déclic akaangalia ndani ya kikombe chake. Swali hilo hakulipenda.

— Ngoja niwaambie ya mi, aliendelea Kilo, sasa amepata moto. Ile myaka nilikuwa mu kuchimba, alikuya muzungu na kamera yake. Mi niko mu matope mpaka hapa, nimechoka, nimekasirika na bibi yangu. Pa! Akapiga. Akaenda. Kisha mukubwa wangu mwenye eko Belgique anaita: Hénock, minakuona mu gazeti! Mi nikafurahi. Nikamuambia, soma, banasema nini? Akasoma. Banasema: mutoto wa myaka kumi na ine.

— Weye?

— Mi! Na bibi eko nyumbani na mimba ya pili!

Benchi zima likaanguka kwa kicheko, hata Retraité, ambaye huwa anacheka kwa mabega tu. Kilo mwenyewe alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema.

— Haikuwa ya kuchekesha, alisema. Kule ng'ambo batu baliniliia. Balilia mutoto mwenye hakuko. Na mi mwenyewe, mwenye alikuwa na shida ya kweli, hakuna mutu aliniuliza shida.

— Alilazimika kuuliza? aliuliza Déclic.

— Sijue. Lakini angeuliza hata myaka.

Mama Louise alizunguka na birika. Déclic alijikuta ameugeukia ubao bila kutaka, akageuka tena haraka.

Retraité alikohoa. Yeye huwa haongei mpaka wengine wachoke.

— Kosa yenu, munafikiri sura ni ya mwenyewe. Sura haikuwaka ya mwenyewe hata siku moja. Mi, siku nilianza kazi, balinisimamisha ku ukuta, bakanipa kabao kenye namba, nikashika hapa ku kifua. Pa! Hawakuniambia ata bonjour. Na ile foto ilikaa ku kampuni myaka yote. Nilipata mvi, foto haikupata. Nikaenda pension, foto ikabakia kule. Donc minasema: sura ni ya ule mwenye anakulisha.

— Tata Retraité! Mama Louise aliruka. Donc sura ya bwana yangu ni ya mi?

— Kama njo weye unamulisha, ni ya weye.

— Basi aniletee. Haijaonekana tangu juzi.

Hapo tena wote wakacheka. Lakini Maître hakuwa amekubali kushindwa. Alisimama, na Maître akisimama ujue mambo yanapanda ngazi.

— Muko badogo mu mawazo. Tuseme tumekubali: kila mutu alombwe ruhusa. Sawa. Mi minapita mu soko, macho yangu inaona batu mia. Macho si kamera? Kichwa si carte mémoire, kadi ya kuweka foto? Nitalomba ruhusa ya kuona? Itabidi État, serikali, itoe carte ya sura, na cachet ya muhuri, kila mutu aivae ku shingo: huyu anakubali kuonekana, huyu hakubali. Na mwenye hakubali atembee na bassin ku kichwa!

— Na akigongwa na taxi-moto? aliuliza Kilo. Sababu hauone ndani ya bassin.

— Atatoboa matundu.

— Kisha mi nitapiga foto ya matundu, alisema Déclic, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu.

— Na satellite? Retraité alinyoosha kidole juu. Ile inazunguka kule, inatafuta cobalt mu udongo. Inatuona hapa, na kahawa yetu. Nani alilomba ruhusa? Ile siku ya soko ilimuona Rachelle pia. Banaenda kuibandua wapi?

— Voilà! Maître alipiga makofi. Sasa unaongea kama mutu mwenye alisoma. Na mi minaongeza. Sikieni. Betri ya telephone inatengenezwa na nini? Ya kamera? Cobalt. Cobalt inatoka wapi? Hapa. Donc kila foto inapigwa mu dunia, ya harusi, ya président, ya muzungu na paka yake, iko na kipande ya Kolwezi ndani. Kisheria, munanielewa, foto yote ya dunia ni ya sisi! Batulipe! Déclic, haiko swali ya Rachelle kukulomba weye. Dunia nzima njo ikuye kutulomba sisi!

Wacha we! Kilo alipiga kelele, Retraité alitikisa kichwa kwa heshima, hata muuza kadi za simu wa ng'ambo ya barabara alivuka kuja kusikia. Déclic mwenyewe moyo ulimpanda. Ilikuwa nadharia tamu. Ilimfanya mwenye haki kuliko mlinzi, kuliko polisi, kuliko kila aliyewahi kumkataza.

Mama Louise alikuwa ameinamia jiko. Hakuinua hata kichwa.

— Na Mwenze, alichimba nini? aliuliza.

Wote walijua: cobalt.

— Maître, weye njo umesema. Kama foto ni ya mwenye alitosha cobalt, na betri ya Déclic iko na cobalt, labda ilitoka mu mufuko ya Mwenze. Donc foto ya bibi yake ni ya nani?

Muuza kadi alirudi zake ng'ambo. Kilo aliangalia viatu vyake. Maître alikaa chini, polepole, akachukua kikombe akakuta kitupu.

Déclic aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye ubao, akaweka ukucha chini ya pini ya juu. Uso wa Rachelle ulikuwa karibu na wake kabisa, ukicheka. Alijiambia: toa tu, Zéphirin, foto zitakuja nyingine. Akajiambia tena: haitakuja nyingine kama hii, na unajua.

— Ukiitosha saa hii, alisema Maître kwa sauti ya chini, umekubali ulifanya kosa. Kesho ule mulinzi wa mulango naye ataonekana alikuwa na haki.

Déclic akashusha mkono. Pini ikabaki.

Ndipo lori likafika. Lilitoka njia ya Kasaji, jekundu kwa vumbi, watu wamekaa juu ya magunia. Wakateremka wakijipangusa, wakilalamika kwamba treni imekufa njiani na wamelala porini. Mzee mmoja mrefu alishushwa pamoja na gunia dogo la unga wa mihogo. Alivaa koti zito ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Alisimama, akaangalia huku na huku, akaja moja kwa moja benchini.

— Bajambo yenu, batoto.

— Jambo, tata. Karibu, ukae.

— Sitakaa sana. Minaenda ku kilio ya Mwenze. Mi ni baba yake.

Retraité alisimama akavua kofia, Kilo akapokea gunia, Mama Louise akamimina kahawa bila kuambiwa. Wakampa pole, mmoja mmoja, na mzee akapokea pole zao kwa kichwa. Alikunywa mara mbili tu.

— Balinielezea hapa kuko ubao ya foto.

Hakuna aliyemwonyesha. Haikuhitajika, ubao ulikuwa nyuma ya mgongo wa Kilo, na Kilo alikuwa mwembamba. Tata Kabamba alimzunguka, akasimama mbele ya foto. Alisimama muda mrefu sana. Déclic aliangalia mgongo wa lile koti, akatamani ukuta uanguke, mvua inyeshe, lolote litokee.

— Nani alipiga?

— Mi, tata.

— Alikuwa anacheka nini?

Déclic alimgeukia Maître.

— Tata, aliingilia Maître, kisheria mupiga foto halazimishwe ku...

— Mutoto, mi siulize sheria. Niliuliza alikuwa anacheka nini.

Benchi ambalo lilikuwa na jibu la satellite, la betri, la dunia nzima, likakosa jibu la swali hilo dogo. Kilo alimtazama Maître. Maître alimtazama Retraité. Retraité aliigeuza kofia yake ndani nje. Wiki nzima kicheko hicho kilining'inia mbele yao, wakakipitia kwenda na kurudi, wakakibishania asubuhi nzima, na swali hilo halikuwa limempita hata mmoja kichwani. Déclic aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Rachelle alikuwa amesimama pale pale saa ile ya asubuhi. Angeweza kumwuliza. Badala yake alimwambia habari ya barabara.

— Sijue, tata, alisema. Na kuko kintu nilifanya. Hii unaona haiko foto yote.

— Namna gani?

— Mi ni mutu wa foto ya bitambulisho. Nimezoea uso tu. Mu kuchapisha nilikata. Mabega, mukono, masikio, nyuma, nilitosha yote, nikabakisha uso, sababu njo ulikuwa muzuri. Sikufikiri.

Alifungua kamera. Akatafuta. Foto nzima ilipotokea kwenye kioo kidogo, alimpa mzee, na mzee akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena. Kulikuwa na meza ya nyanya. Kulikuwa na mwavuli wa mtu. Na kulikuwa na mkono wa kushoto wa Rachelle, na ndani ya mkono simu, na simu iko sikioni.

— Anaongea na mutu, alisema Tata Kabamba.

Kilo alivuta pumzi kwa meno. Déclic alimsikia na akaelewa. Alidhani anasaidia. Sasa hata akitupa kamera mtoni, mzee ameshaona mkwewe akimchekea mtu kwenye simu siku ile mwanawe anakufa.

— Na nani? aliuliza mzee.

Déclic akatikisa kichwa.

Pikipiki ilikuja kwa kasi ikasimama kwa vumbi, na Rachelle akaruka kabla haijatulia. Kitambaa kilikuwa kimemteleza nusu kichwa. Aliliona koti, akauona ubao, akaona foto bado ipo. Alimtazama Déclic mara moja tu, na yeye akainamisha macho. Kisha Rachelle akaja mbele ya mzee, akapiga magoti pale pale vumbini, akamsalimia kwa heshima ya kwao.

— Tata, unisamehe. Nilikuwa ku gare. Balisema treni.

— Treni ilikufa. Simama, mutoto.

Akasimama. Mzee alimwonyesha kile kioo kidogo.

— Siku hii, ulikuwa unaongea na nani?

Rachelle aliitazama foto, na kwa jinsi alivyoitazama Déclic alijua kwamba hakuwahi kuiona hii, yenye mkono. Alijikaza.

— Na Mwenze, tata. Aliniita ku telephone, kisha njo akashuka mu kisima.

Mzee akaishusha kamera.

— Sababu ya nini haukuambia batu?

— Hakuna mutu aliniuliza. Baliniambia tu: ulicheka. Na kweli nilicheka, tata. Nilicheka sana.

— Alikuambia nini?

Mama Louise aliacha kupepea. Kilo alikuwa ameinama mbele kama mtu anayesikiliza mpira redioni, Maître pia, Retraité pia, na yule muuza kadi alikuwa amevuka tena barabara bila mtu kumwona. Rachelle aliwatazama wote, uso kwa uso, mpaka akamfikia Déclic. Kisha akamrudia mzee.

— Hiyo, tata, siseme mu barabara.

Tata Kabamba alijifuta uso kwa mkono wa koti, na vumbi la Kasaji likaacha mstari shavuni. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

— Mwenze alikuwaka na kinywa yake ya kuchekesha. Tangu mutoto. Mama yake alichekaka mpaka anaacha ugali inaungua.

Akamrudishia Déclic kamera.

— Tosha, alisema, akionyesha ubao.

Déclic hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichomoa pini zote, akazikunjua pembe zilizokuwa zimejikunja kwa jua, akampa Rachelle mwenyewe, kwa mikono miwili.

— Unisamehe, mama.

— Na ile ya mu kamera?

— Mi naifuta saa hii, mbele yako.

Alikuwa tayari na kidole juu ya kitufe. Rachelle akamzuia.

— Ngoja. Unichapishie moja kwanza. Nzima, na mukono. Ya mi peke yangu. Kisha ufute yote.

— Nitakuletea leo. Na nitafuta ukiwa pale, uone.

— Iko vizuri.

Mzee alikuwa ameshachukua gunia lake kutoka kwa Kilo. Rachelle akalipokea, akaliweka kichwani, na kile kitambaa akakifunga tena vizuri.

— Twende kwako, alisema Tata Kabamba. Utaniambia kule. Fidélie, nitaongea naye mi mwenyewe.

Wakaenda, mzee mbele, mwanamke nyuma, wakipita katikati ya pikipiki bila haraka. Benchi liliwasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona ya shule.

— Mulisikia? alinong'ona Mama Louise. Alisema kwako. Mbele ya batu. Nyumba ni yake, batoto ni bake, imeisha.

Alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akasema ni moshi.

Katikati ya ubao palikuwa na shimo la mraba, mbao safi ambayo jua halijaila. Déclic alikaa akiliangalia. Hakujisikia mtu mwema; alijisikia mtu aliyechelewa, aliyeokolewa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimkatalia asubuhi.

— Mais, alisema Kilo baada ya muda, alimuambia nini, kweli? Mutu anashuka mu kisima, anaita bibi yake, anamuchekesha namna ile. Ni maneno gani?

Maître alifungua kinywa. Wote wakamgeukia. Akakifunga.

Mama Louise aliinamisha birika juu ya kikombe cha Retraité. Kikatoka kitone, kisha masimbi.

— Kahawa imeisha, alisema. Muende mukatafute kazi.

Simu ya Déclic ililia. Alikuwa René, kutoka Lubumbashi, sauti ya juu, nyuma yake watu wanagonga misumari.

— Zéphirin! Ukuta iko tayari, iko inangojea. Ile foto ya mama mwenye anacheka, unaituma lini?

— Haiko tena.

— Haiko namna gani? Iko wapi?

Déclic alitazama ile kona ya shule, ambako hapakuwa na mtu tena.

— Ilirudi kwabo, alisema.